Mahali Pasipofika Jua

Nilizaliwa bila rangi katika nyumba ya watu weusi na watu wa maji ya kunde, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, na tangu nipate akili nilijua kwamba jua halinitakii mema. Hilo sikufundishwa na daktari. Nilifundishwa na dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka kadhaa. Mamangu alikuwa na watoto wengi na kazi nyingi zaidi, akasahau mara nyingine kwamba mimi si kama wenzangu. Dada hakusahau. Tukienda chuoni kusoma Kurani alinitanda leso yake kichwani, akanishika mkono na kunipitisha upande wa kivuli, ubavuni mwa kuta. Kivuli kikikatika mahali, kichochoro kikifunguka kwenye uwanja, tulikimbia. Watoto waliponiita zeruzeru aliwatupia kiatu.

"Huyu ni ndugu yangu," alikuwa akisema. "Hakuletwa hapa mumtazame."

Nilikua nikiwa na macho mabovu, yale ya kuchezacheza, na ngozi iliyojaa madoa ya jua usoni na mikononi. Nilisoma kwa kukaa benchi la mbele na kuinamia kitabu hadi pua ikakigusa. Nilipomaliza nilipata kazi ya ukarani katika kampuni moja ya malori kule Shimanzi, eneo la bandari. Meza yangu ilikuwa ndani ya ghala, mbali na mlango, na kwa miaka mingi maisha yalikwenda. Kisha akaja meneja mpya, akapanga watu upya, na mimi nikapelekwa uwanjani kukagua namba za makontena yanayoingia na kutoka. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Lakini kofia si unayo?"

Kofia nilikuwa nayo. Dada, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa cherehani anayejulikana mtaani kwa kushona kanzu na mabuibui, alinishonea kofia pana yenye kitambaa cha kuning'inia nyuma ya shingo, na mashati ya mikono mirefu yenye ukosi wa juu. Madereva walinicheka, wakaniuliza kama nalina asali. Lakini kofia haizuii jua linalopiga sakafu ya saruji na mabati ya makontena na kurudi usoni kutoka chini. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yakitoka machozi na midomo imepasuka.

Nilipata kidonda juu ya sikio la kushoto. Kilifunga gamba, gamba likabanduka, kikatoa damu kidogo, kikafunga tena. Nilikipaka kila nilichoambiwa nipake. Dada ndiye aliyenipeleka hospitali, baada ya kukitazama siku nyingi. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kusema polepole kama mtu anayemsomea mtoto imla. Alikata kipande cha sikio langu, akakipeleka kikapimwe, na jibu likawa ni saratani ya ngozi, ile inayotokana na jua la miaka.

"Imewahiwa," alisema. "Lakini itakuja nyingine. Ngozi yako hailisahau jua lililokwisha kuipiga."

Alisema kweli. Ilikuja kwenye kipaji cha uso, kisha mdomo wa chini, kisha kipaji tena. Nimezoea harufu ya dawa ya kusafishia ngozi na ule mvuto wa uzi unapopita mahali palipotiwa ganzi. Niliacha kazi ya Shimanzi na kufungua kiduka cha vifungo, nyuzi na zipu katika chumba cha chini cha nyumba yetu, hatua chache kutoka kwa cherehani ya dada. Humo ndani kulikuwa na giza la kutosha.

Daktari ndiye aliyeniomba nianze kusema mbele za watu. Alikuwa akizunguka na wauguzi wawili, wakitoa mafunzo juu ya jua na saratani ya ngozi, na alisema watu wakimsikia yeye wanasinzia. "Wakikuona wewe watasikiliza," alisema. Nilikubali kwa kuwa sikujua namna ya kumkatalia mtu aliyekwisha kunikata mara nne.

Sitasema nilikuwa hodari. Tulitandika hema, tukafunga kipaza sauti, tukapanga viti, na viti vingi vikabaki vitupu. Nilieleza kwamba mtoto aliyezaliwa kama mimi afunikwe tangu siku ya kwanza, asichezeshwe nje saa za jua kali, apakwe mafuta ya kuzuia jua, na avae mikono mirefu hata watu wakicheka. Nilieleza kwamba kidonda kisichopona si kidonda cha kupakwa manjano. Watu walitazama sikio langu. Mara nyingi kina mama waliokuja na watoto wenye ualbino walikuwa wawili watatu, na hao niliwapenda, maana walisikiliza kwa kukunja uso. Wengine walikuja kuuliza kama yale mafuta ni ya bure.

Siku moja mzee mmoja alisimama akasema, "Sasa sisi weusi hapa tunahusika vipi? Mola ametupa ngozi ya jua."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nilimwambia ana nafuu kweli, lakini akumbuke wajukuu. Daktari alichukua kipaza sauti akaanza kusema kwamba watu weusi nao wana saratani yao ya ngozi, na kwamba wajiangalie nyayo, viganja na kucha. Lakini adhana ilikuwa imekaribia na watu walikwisha kuanza kunyanyuka. Dada alikuwa amekaa safu ya mbele, kama kawaida yake. Hakukosa hata mkutano mmoja uliofanyika mjini. Alikuwa akija kunisikiliza mimi, na kuangalia kama nimekaa kivulini.

Binti yake wa pili aliolewa muda mfupi baada ya hapo. Nyumba ilijaa wanawake, nyimbo na harufu ya udi, na dada, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa mapambo, alikubali kupakwa hina na piko miguuni, maua mekundu ya hina na mistari myeusi ya piko kutoka vidoleni hadi kwenye vifundo, na nyayo zikajazwa rangi nzima. Harusi ikapita. Wageni wakarudi kwao. Hina ikaanza kufifia kama inavyofifia.

Alasiri moja nilifunga duka mapema nikapanda kunywa chai chumbani kwake. Alikuwa amenyoosha miguu mkekani, kazi imemchosha, na binti yake mkubwa alikuwa akimsugua nyayo kwa maji ya vuguvugu na kipande cha jiwe.

"Mama," binti akasema, "hii piko mbona haitoki?"

"Itatoka. Sugua."

"Nimesugua. Kwengine kote imetoka." Akaniita. "Mjomba, hebu tazama wewe unayetembea na madaktari."

Ili nione kitu inanibidi nikisogelee sana, kwa hiyo nilipiga magoti nikapeleka uso karibu na kisigino cha dada yangu. Yeye akacheka. "Wanusa mguu wangu? Umeishiwa na chai?"

Lilikuwa doa lenye ukubwa wa kifuniko cha soda, karibu na kisigino, upande wa ndani. Halikuwa la mviringo. Kingo zake zilikwenda ovyo, kama wino uliomwagika kwenye karatasi ya shashi. Mahali lilikuwa jeusi kabisa, mahali kahawia, na upande mmoja ngozi ilikuwa imeinuka kidogo na ina unyevu.

"Hili lina muda gani?" nikauliza.

"Alaa, hilo la siku nyingi. Ni sugu. Hapo ndipo ninapokanyagia cherehani."

"Sugu haiwi nyeusi namna hii."

"Yangu imekuwa."

"Latoa damu?"

Akaukunja mguu. "Siku mojamoja. Nikivua viatu nakuta kidogo."

Binti yake aliacha kusugua. Nilimwambia dada twende kwa daktari kesho yake. Alisema hawezi, ana kanzu za watu na Ramadhani iko karibu. Nilimwambia wiki ijayo. Akasema Ramadhani ikipita. Nilipozidi kumkazania alinikasirikia, jambo lisilokuwa la kawaida kati yetu.

"Mwenye ngozi mbovu ni wewe," alisema. "Mimi sijaumwa na ngozi tangu nizaliwe. Niache nishone."

Mfungo ukapita, Idi ikapita. Binti yake alikuja dukani akanieleza kwamba mama sasa anatia pamba ndani ya kiatu. Tulimpeleka kwa tuktuk, mimi upande huu na binti upande ule. Njia nzima hakutusemesha.

Daktari alimkaribisha kama mtu wa nyumbani, maana walijuana kwa sababu yangu. "Leo umemleta yeye au amekuleta wewe?" alimwuliza. Kisha dada alivua kiatu, na daktari hakutania tena. Alivuta taa, akatazama kwa kioo chake, akapapasa nyuma ya goti na kwenye kinena. Alipima doa kwa rula ndogo. Akasema atakata kinyama kidogo kikapimwe, na akatueleza tangu hapo, kwa ile sauti yake ya imla, kwamba anaogopa.

Jibu lilipokuja tuliitwa wote watatu. Daktari alisema jina la ugonjwa, melanoma, kisha akalieleza. Ni saratani inayoanzia kwenye zile chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Ni nadra kwetu, alisema, lakini ikimpata mtu mweusi mara nyingi huanzia chini ya mguu, au kiganjani, au chini ya ukucha, na kwa kuwa hakuna anayetazama huko, huja hospitali ikiwa imekwisha kukua.

"Lakini dada hakai juani," nikasema. Nilisikia mwenyewe jinsi nilivyosema kama mtu anayedai haki yake. "Anashona ndani. Na huko ni chini ya mguu, jua lafikaje?"

"Halifiki," alijibu. "Hii haikuletwa na jua. Hatujui vizuri huletwa na nini. Ya kwako na ya kwake ni mambo mawili."

Dada alikuwa akimtazama daktari. Ameweka mkoba wake magotini na kuushika kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo nimemfunika huyu miaka yote hii," akasema, "na yangu mimi imepita chini."

"Hukumfunika bure," daktari alimwambia. "Wengi waliozaliwa kama yeye nimewaona wakiwa na miaka thelathini, na nimewaona wakiwa wamechelewa. Yeye yuko hapa."

Dada alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. Binti yake ndiye aliyelia, na dada akamwambia anyamaze, watu wanasubiri nje.

Walimkata kisigino upande wote wa ndani, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Alirudi nyumbani na magongo. Nyumba yetu ni ya zamani, ngazi zake nyembamba zimesimama kama za kupandia mnazi, na chumba chake kilikuwa juu. Tukamshushia kitanda chini, nyuma ya duka langu, tukahamisha maboksi ya vifungo. Kwa hiyo mchana kutwa niliuza nyuzi huku nikimsikia akigeuka kitandani. Baada ya muda alidai cherehani. Nikamsogezea, akajifunza kukanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, mwendo ukawa wa kukatikakatika, na mishono ya siku zile haikuwa kama mishono yake. Aliifumua usiku akaishona tena asubuhi.

Katika miezi hiyo daktari aliniuliza kama nitaendelea na mikutano. Nilimwambia sina nguvu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Kila nilipofikiria kusimama tena na kusema juu ya mafuta ya jua na kofia, nilichukua boksi la vifungo nikaanza kuvihesabu. Dada alitusikia kutoka nyuma ya pazia.

"Mwambie atakwenda," alisema kwa sauti. "Na mimi nitakwenda."

"Kufanya nini?" nikamwuliza.

"Wewe utawaambiaje wanawake wavue viatu? Mwanamume mzima."

Mkutano huo ulifanyika katika ukumbi wa madrasa moja hapo hapo Mji wa Kale, kwa wanawake peke yao. Nilimfikisha hadi mlangoni, binti yake akampokea, nami nikabaki nje barazani, chini ya dirisha. Walikuja wengi kuliko tulivyozoea, maana karibu wote amewashonea. Nilimsikia akiwasalimu mmoja mmoja, akiulizia wagonjwa, waliozaa, waliosafiri. Kisha akasema, "Nataka muone kitu," na ukumbi ukanyamaza, na nikajua anafungua bendeji.

Mwanamke mmoja akauliza, "Yauma?"

"Sasa yauma," dada alijibu. "Mwanzo haikuuma hata kidogo. Ndiyo tabu yake. Ingeuma ningekwenda."

Akawaambia habari ya cherehani, na piko, na pamba ndani ya kiatu. Hakupamba maneno. Aliwaambia wanapopakwa hina wamwambie mpakaji aangalie kwanza, na baada ya kuoga wageuze nyayo, na wakiona doa linalopanuka au lenye rangi mbilimbili, au mstari mweusi unaozidi kunenepa kwenye ukucha, waende hospitali bila kumwuliza mtu. "Msiniulize mimi, mimi ni fundi cherehani," alisema, na hapo wakacheka. Kisha nikasikia viatu vikivuliwa. Ukumbi mzima, miburuzo ya makubadhi kwenye sakafu, na wanawake wakiulizana, hili nini, na hili, na lile ni la kuzaliwa nalo au vipi.

Tulirudi kwa tuktuk. Alikuwa amechoka hata kichwa hakikukaa sawa. Aliniambia, "Ni kazi ngumu hiyo yako. Sikujua."

Kabla ya mwaka kwisha aliota mtoki kwenye kinena, mkubwa kama ndimu. Daktari alikuwa ametuonya tuutazamie. Walimpasua tena, kisha zikaanza safari za hospitali kubwa, dawa za kutundikwa, siku za kutapika na siku za kulala tu. Tulizunguka baina ya madirisha na foleni. Zilitajwa dawa mpya ambazo hapa hazikupatikana, na kila aliyezitaja alitazama pembeni. Saratani ilipofika mapafuni dada alikataa kurudi tena. Alitaka kukaa nyuma ya duka, asikie watu wakija kununua uzi. Wateja walizoea kumsalimu kupitia pazia. Mara nyingine mtu akiuliza rangi fulani ya uzi nami sijaiona, yeye ndiye aliyejibu kutoka ndani, iko kwenye boksi la chini, mkono wa kulia.

Alikufa asubuhi, binti zake wote wawili wakiwapo, nami nimemshika mguu ule ulio mzima.

Tulimzika adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Makaburini hakuna miti ya kutosha, na jua lilikuwa limesimama wima. Watu waliniambia nikae pembeni ya ukuta, watanisemea, watanitilia mchanga. Walinitakia mema. Nilikataa. Niliteremka kaburini kumpokea, kama anavyotakiwa ndugu kufanya, na kofia ikaanguka humo ndani, sikuiokota mpaka tulipomaliza. Siku zote za matanga shingo na mikono yangu ilikuwa ikibambuka. Binti yake mkubwa alinipaka dawa.

Sasa ni mwaka wa pili. Mimi na mpwa wangu huyo tunakwenda pamoja, yeye kwa wanawake, mimi kwa wanaume. Mimi husema juu ya jua, kwa ajili ya watoto wenye ngozi kama yangu, kisha husema juu ya miguu, kwa ajili ya wengine wote, na inanibidi nirudie mara nyingi kwamba ni mambo mawili, maana watu huyachanganya wakaniuliza kama wavae soksi kuzuia jua. Siwalaumu. Hata mimi ilinichukua muda.

Simu yangu imejaa picha za nyayo. Watu hunitumia ili niwaambie ni nini, ingawa naona kwa shida na mimi si daktari. Nyingi ni sugu, nyingine ni miiba ya zamani, moja ilikuwa lami. Wote nawajibu jambo moja, nenda kliniki. Wengi hawaendi. Mmoja alikwenda, mwalimu wa shule ya msingi aliyehudhuria mkutano wa mpwa wangu, mwenye mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilikuwa ndiyo yenyewe, bado changa. Walimkata kidole, na mpaka leo vipimo vyake ni safi. Alikuja dukani kunieleza, amevaa viatu vya kufunika, akanunua zipu ambayo nadhani hakuihitaji. Nilifurahi. Nasema kweli nilifurahi, lakini baada ya yeye kuondoka nilikaa kwenye kiti muda mrefu bila kuinuka, na mteja mmoja akadhani duka limefungwa.

Juzi tulialikwa Shimanzi, kwa vibarua wa uwanja mmoja wa makontena, si ule nilioufanyia kazi. Walitupa nafasi wakati wa chakula. Malori yaliendelea kupita, na ilinibidi ninyamaze kila mara mpaka lipite. Wanaume kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha kontena wakila, wakinitazama. Nilisema yote, nikamaliza, nikauliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Nilianza kukunja karatasi zangu.

Kisha mmoja wao, jitu la miraba minne, aliweka sahani chini, akafungua kamba za buti, akavua soksi, akageuza unyayo juu ya goti na kuutazama. Jirani yake akamwambia afunge, anawaharibia chakula. Yeye akamjibu, "Nyamaza, hebu nitazamie hapa nyuma, sipaoni." Na yule jirani, baada ya kuguna, akanawa mkono akainama kumtazamia.

Niliwaacha hapo. Nilikuwa na miadi ya kukatwa kidonda kipya mdomoni siku iliyofuata, na nilitaka kufika nyumbani nilale.